Fundi Ving'ora na Sindano ya Mkewe

Kuna wanaume wakiogopa hunywa, kuna wanaogomba, na kuna wanaokumbuka ghafla kwamba wana ndugu wa mbali hawajamtembelea siku nyingi. Fundi Ving'ora akiogopa alifunga king'ora. Ndiyo kazi iliyomlea tangu ujana, kufunga ving'ora vya moto kwenye maghala, hoteli na maofisi, vile vidude vyeupe vya darini vinavyonusa moshi na kupiga yowe. Alijivunia kazi yake, na wala hakukosea, maana hakuna jengo alilolifungia ving'ora likaungua na mtu ndani. Ila kazi ikimkaa mtu kichwani miaka mingi, mwisho huanza kufikiri badala yake.

Mkewe alishona mapazia nyumbani, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama uani. Kwa muda mrefu mwili wake ulikuwa unamfanyia vituko. Leo anaoga maji ya moto, anatoka na mabaka kama mtu aliyeviringishwa kwenye upupu. Kesho anakula kiporo cha maharage, tumbo linamkata na midomo inavimba. Keshokutwa hajala wala hajaoga, amecheka tu kichekesho cha redioni, moyo unamwenda mbio, kizunguzungu, chini. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakamwambia ni mawazo. Mmoja akamshauri apumzike, akaenda kupumzika, akaamka na mabaka ya shuka. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alisema ni kudeka, kwa sababu hata utotoni alikuwa hivyohivyo akitumwa dukani.

Aliyewatoa gizani ni daktari wa mzio, mwanamke mpole mwenye sauti ya kuchoka. Huyu hakumwambia mtu kwamba ni mawazo. Alitaka damu ichukuliwe siku ya shida na nyingine siku ya utulivu, akazilinganisha, akawaita mume na mke wakae.

"Mwilini tuna seli za ulinzi, zinaitwa masti," alisema. "Zipo kwenye ngozi, tumboni, kwenye njia ya hewa. Kila moja imebeba vifuko vya kemikali. Akiingia adui wa kweli, zinavifungua, mwili unachachamaa, adui anatolewa. Za kwako, mama, ni nyepesi mno. Joto, harufu, mkanda unaobana, hasira, hata furaha, zote kwao ni adui. Zinafungua tu."

Fundi, aliyekuwa ameinama akitazama viatu vyake, alinyanyua kichwa. "Yaani ni king'ora kilichofungwa karibu na jiko."

"Kwa namna fulani," daktari alisema.

Laiti angemjua mtu aliyekuwa akimwambia, asingesema hivyo. Hiyo "kwa namna fulani" ndiyo iliyoleta yote. Fundi hakusikia tena vizuri yaliyofuata, nayo ndiyo yalikuwa muhimu. Daktari alisema ugonjwa huu hauondoki, lakini mtu huishi nao vizuri akiujua. Vidonge vinywewe kila siku, hata siku za nafuu. Chakula kisiwe kiporo, kiwe cha sokoni siku hiyohiyo, kilichopikwa saa hiyo. Akasema wafikirie kikombe: joto kidogo, uchovu kidogo, harufu kidogo, kila kimoja peke yake si kitu, lakini kikombe kikishajaa, tone moja humwaga chote. Halafu akatoa sindano mbili za dharura, nene kama kalamu za kuandikia ubaoni, akamgeukia Fundi.

"Hizi ni za kwako, baba. Koo likianza kumbana, au akiishiwa nguvu ghafla, mlaze chini, miguu juu, usimsimamishe. Toa kifuniko, bonyeza ncha hii ubavuni mwa paja, hata juu ya nguo. Kisha ndiyo upige simu ya gari la wagonjwa. Asipopata nafuu baada ya dakika chache, choma ya pili. Na usimwache peke yake. Dakika zile za mwanzo ndizo uhai wake."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye viganja. Yeye na sindano hawakuwahi kupatana. Siku ya chanjo shuleni alizimia akiwa bado kwenye foleni, na waliomfuata nyuma walizimia kwa kumwonea huruma. Daktari aliona, akampa na sindano ya mazoezi, isiyo na dawa wala mwiba, akamwambia ajizoeze mpaka mkono ujue wenyewe.

Nyumbani mke alifanya mazoezi kwenye mto wa kiti. Alichoma, akachoma, mpaka ule mto kama ungekuwa mgonjwa ungepona. Akampa mumewe.

"Zamu yako."

"Ngoja kwanza nimalize kufunga kitu kimoja jikoni," alisema Fundi.

Kitu hicho kilikuwa king'ora cha kunusa. Marashi, moshi, dawa ya mbu, kitunguu kilichoungua, vyote vilikipigisha kelele. Kilipokamilika akafunga cha bafuni, cha kupima joto la maji. Kikafuata cha mlangoni, cha kuwakagua wageni, kilichomlilia fundi bomba, mkusanya bili ya maji na mama mkwe mwenyewe, ambaye alipaka mafuta ya karafuu magotini na hakuwa tayari kuyaacha kwa ajili ya kidude cha darini. "Mimi nimemzaa huyo mgonjwa," alikiambia kile kidude. "Wewe umemfanyia nini?"

Cha mwisho kilikuwa cha kicheko. Fundi alikifunga juu ya sofa, chenye kinasa sauti. Mtu akicheka kwa staha kilinyamaza. Akizidisha, taa nyekundu iliwaka. Akiangua kicheko, kilipiga yowe. Shida ni kwamba hakuna binadamu awezaye kukaa chini ya king'ora cha kicheko asicheke. Mke alijitahidi, akakaza midomo, akamtazama mama yake, mama yake akamtazama yeye, basi. Jioni nzima nyumba ililia.

"Kinga ni bora kuliko tiba," Fundi alijitetea, huku akipanda ngazi kukizima.

"Umejifunza kuchoma sindano?" mkewe akamuuliza.

"Kesho. Nimebakiza waya mdogo tu."

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Fundi alijikuna pale mkono ulipofika, na palipowasha kwa kweli hakufika hata siku moja. Na haki ya Mungu mkewe alikuwa anaendelea vizuri, si kwa ving'ora, kwa akili yake. Alinywa vidonge bila kuruka. Alioga maji ya vuguvugu. Vitambaa vipya, vyenye ile harufu kali ya kiwandani, alivifua na kuvianika kabla ya kuvishona, na wateja wakangoja. Alijua kikombe chake kimefika wapi, na kikikaribia ukingoni alilaza mashine, akajilaza na yeye. Mabaka yalipungua. Kilichomchosha nyumbani kilikuwa kelele.

Lakini Fundi hakulala akijua kuna dakika zile za mwanzo, na kwamba ni zake. Ndipo akamfunga mkewe kikuku mkononi, cha kupima mapigo ya moyo, kilichounganishwa na king'ora kikuu juu ya paa. Hicho hakikuwa cha nyumba yake, kilikuwa cha jengo zima. Alikuwa na maana yake: kikilia, watu watakuja. Penye watu wengi, mmoja hakosi kuwa jasiri.

Kililia mara ya kwanza mke alipopanda ngazi na jora la kitambaa begani. Watu walikuja kweli. Kinyozi wa chini alipanda na wembe mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alikuja na ndoo, na kwa kuwa alijua king'ora maana yake moto, alimmwagia mke wa Fundi maji yote, baridi, kichwani. Hakuwa mgonjwa kabla ya hapo. Dakika ile ile ngozi ikatutumka.

Fundi alishtuka, lakini si kwa lile tu la mkewe. Alishtuka kikazi. Wembe kwenye ngazi! Ndoo mikononi! Watu wakisukumana kuingia badala ya kutoka! Katika maisha yake yote hajaona jengo lililofedheheka namna ile. Kesho yake akawakusanya wapangaji uani akawasomea sheria, zilezile anazozisoma maghalani. King'ora kikilia, acha ulichoshika. Toka kwa mstari, usikimbie. Usirudi ndani kwa sababu yoyote. Simama kwenye alama. Hesabiwa. Akachora alama uani, mraba mkubwa wa kijani wenye picha ya watu wadogo waliojikusanya.

Wapangaji walichangamkia. Wengi hawakuwa wamewahi kupangwa mstari tangu shule, na walikuwa wamepakumbuka. Mwalimu mstaafu alijiteua kuwa msimamizi wa ngazi. Kinyozi alijifunza kuuacha wembe mezani hata ikiwa shingo imebaki nusu. Kila baada ya siku chache Fundi alikibonyeza kikuu kwa makusudi, na kila mara mstari ulizidi kunyooka. Mtu mmoja tu alimsumbua, mama mkwe, aliyeshuka kwa muda wake, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akisimama nje ya mraba kwa sababu, alisema, yeye si kondoo.

Katika hayo mazoezi mke alikuwa akikaa juu, dirishani, akiwatazama. Haikumpitia Fundi akilini kujiuliza kwa nini. Alishazoea kwamba kila jengo lina mtu wa ofisini anayetazama zoezi kutoka juu.

Siku yenyewe ilianza na joto. Usiku wa kuamkia siku hiyo king'ora cha jikoni kilikuwa kimelia kwa ajili ya mende, na mke hakulala. Asubuhi mteja alikuja kugombea mapazia yaliyochelewa, wakajibizana. Kikombe kilikuwa kinajaa, na yeye alijua, akazima mashine akajilaza kwenye sofa sebuleni. Ndipo Fundi, chini uani, akaona alama yake imefifia kwa kukanyagwa. Akafungua kopo la rangi ya mafuta, ile inayotoa machozi, akaanza kuupaka mraba upya, taratibu, kwa upendo wote wa mume, chini kabisa ya dirisha la mkewe.

King'ora cha kunusa kilianza. Fundi akakisikia, akasema moyoni ni kitunguu. Kisha cha kicheko kikalia, ingawa aliyekuwa akipiga kelele sebuleni hakuwa akicheka. Kisha kikuu, kule juu ya paa, kikafungua koo.

Walitoka vizuri. Sijui nielezeje jinsi walivyotoka vizuri. Milango ilifungwa taratibu, hakuna aliyebeba kitu, kinyozi mikono mitupu, mteja wake na povu shavuni, mwalimu mstaafu akipungia mkono kwenye kona ya ngazi. Wakasimama ndani ya mraba, juu ya rangi mbichi, bila kulalamika. Na mama mkwe, ajabu ya maajabu, alikuwa wa kwanza kufika, akitokea kwa jirani wa chini alikoshinda asubuhi hiyo, peku, bila chai, amenyooka katikati ya alama.

"Leo nimetii," alimwambia Fundi. "Usiseme mkweo ni mkaidi."

Fundi alikaribia kutokwa machozi kwa fahari. Akapita mbele yao akihesabu kwa kidole na kwa sauti ya kukishinda king'ora, ghorofa kwa ghorofa, kama anavyohesabu maghalani. Walitimia. Akarudia, kwa sababu kazi inataka kurudia, wakatimia tena, akatangaza, "Wametimia!" Akawageukia awaambie hongereni.

"Na leo kinalilia nini?" mama mkwe aliuliza. "Mwanangu naye mbona hachungulii dirishani?"

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwepo wote. Kwenye mraba alikuwepo kila mtu anayeishi katika jengo lile, isipokuwa yule ambaye king'ora kilifungwa kwa ajili yake.

Alipanda zile ngazi sijui kwa miguu gani. Alimkuta chumba cha kushonea, chini, kando ya mashine, uso umevimba hata macho hayaonekani vizuri, pumzi ikipita kwa mluzi. Sindano zote mbili zilikuwa juu ya mapaja yake. Alijikokota kutoka sebuleni akazifikia, ila vidole vilikuwa vimevimba na kifuniko hakikutoka. Alikuwa amejaribu, na alama za meno zilikuwepo.

Fundi alipiga magoti. Kikuu kilikuwa kinaendelea kulia, kikilia vizuri, bila kukwaruza, na yeye akangoja. Ndiyo, aibu hii aliisema mwenyewe baadaye. Kwa pumzi kadhaa za mkewe alingoja aje mtu, kwa sababu katika kazi yake king'ora kikishalia kuna watu wengine ambao huja. Kisha akaelewa kwamba wote waliokuwa wanaweza kuja aliwapanga yeye mwenyewe uani, akawakataza wasirudi ndani.

Akaishika sindano. Akang'oa kifuniko. Akaweka kidole gumba juu ya ncha, akafumba macho, akaisukuma kwenye paja la mkewe kwa nguvu zake zote. Ikalia ta. Dawa ikaingia yote kwenye kidole gumba cha Fundi.

Yowe alilopiga lilikizidi king'ora. Moyo ukamruka kifuani, masikio yakawaka. Mkewe akafungua jicho moja, jembamba, akamtazama mtu aliyemwoa.

"Geuza," alisema.

Ilikuwa imebaki moja. Fundi aliishika ya pili. Alilia waziwazi, machozi na kamasi. Akaitazama ncha safari hii, akaigeuza, akambonyeza ubavuni mwa paja, akaishikilia hapo huku akihesabu kwa sauti, na hakuzimia. Akamwinulia miguu juu ya jora la kitambaa. Mluzi uliendelea, ukaendelea, halafu ukaanza kulegea, na pumzi moja ikaingia mpaka chini.

"Pigeni simu!" alipaza sauti dirishani. "Gari la wagonjwa!"

Uani hakuna aliyetikisika. Simu walikuwa wameziacha ndani, kama walivyofundishwa. "Turuhusu kuvunja mstari!" mwalimu mstaafu alijibu kwa adabu kutoka kwenye mraba.

Aliyeuvunja bila ruhusa ni mama mkwe. Alipanda peku, na waliobaki wakamfuata, na ngazi zote zikajaa nyayo za kijani. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika hawakuuliza njia, walizifuata hizo.

Hospitali muuguzi aliuliza mgonjwa ni yupi, akaonyeshwa wawili. Mke alichukuliwa damu ndani ya muda unaotakiwa, akawekewa dripu, akaambiwa atalala hapo, maana hali kama hii huweza kurudi baada ya kutulia. Fundi aliwekewa kidole gumba, kilichokuwa cheupe na baridi, kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, akakalishwa kando ya kitanda wamchunguze moyo. Daktari wa mzio alipita, akamtazama mke, akalitazama bakuli, akafungua mdomo, akaufunga. Alisema tu kwamba wataondoka na sindano mpya.

Uvimbe ulipopungua, mke aligeuza kichwa.

"Walitoka wote?"

"Wote."

"Hata mama?"

"Mama alikuwa wa kwanza."

 Fundi akakitazama kidole chake ndani ya maji. Alikuwa na mengi ya kujitetea, na kwa mara ya kwanza hakuyataka.

"Niliogopa," alisema. "Ile siku daktari aliposema ni mimi nitakayekuchoma, niliogopa. Kila siku nikafunga kitu ili nisishike ile sindano. Nilitaka awe mtu mwingine, yeyote, ila nisiwe mimi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mtu mwenye moyo uliotulia hafungi king'ora cha kicheko sebuleni kwake."

Alitaka kucheka, akajizuia kwa mazoea, akatazama dari ya wodi. Ilikuwa tupu. Akacheka kidogo, kwa sauti iliyokwaruza, na Fundi akamtazama kwa hofu mpaka alipomaliza na kupumua vizuri.

"Nilikuona kutoka chini, pale sakafuni," alisema mke. "Sikukuona kwa macho. Nilikusikia. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia unahesabu, ukafika mwisho, ukarudia tena mwanzo. Nikasema sasa atanikumbuka. Ukasema wametimia."

 Fundi aliutoa mkono kwenye bakuli, ukiwa unachuruzika maji, akaushika wa mkewe.

"Siku nyingine," mke alisema, na hakuuondoa mkono wake, "ukihesabu, anza na mimi."